Ndugu yako akitiwa hatiani: yaandae haya kabla hajapewa adhabu

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Ngamiani, Tanga. Akina mama wengi hunijia kijana akishapelekwa gereza la Maweni, wakati mengi yalifaa kufanywa kabla.

Baada ya kumtia mshtakiwa hatiani, hakimu humuuliza kama ana lolote la kusema kabla ya adhabu. Mvuvi wa Sahare asiye na wakili hujibu, "Naomba mahakama inisamehe," akanyamaza. Mwenye wakili huzungumziwa kwa kirefu, na barua za mwajiri na daktari hutolewa. Kosa ni lile lile, lakini mmoja anatoka na kifungo cha nje, mwingine anapanda karandinga. Ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Naiamini, ila hakimu hawezi kuyapima asiyoambiwa.

Anza na umri. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 hafungwi jela. Tafuteni cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki siku ile ile anapokamatwa. Polisi wakiandika miaka 19 na ninyi mkakaa kimya, hiyo 19 itamfuata hadi mwisho.

Kisha barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Isiandikwe "ni kijana mwema" tu, maana hiyo kila mtu anayo. Iseme anaishi na nani, anafanya kazi gani, nani anakula kwa mkono wake, na kama hajawahi kushtakiwa. Kama ni mgonjwa, leteni cheti cha hospitali. Kama mali imerudishwa, mlalamikaji athibitishe kwa maandishi. Muda aliokaa mahabusu nao autaje mwenyewe, kwa tarehe, kwa sababu unapaswa kuzingatiwa.

Asianze kubishana kwamba hakutenda. Hilo ni la rufaa. Hapa aeleze hali yake.

Halafu aombe kitu kinachojulikana. Kwa kosa ambalo adhabu yake haizidi miaka 3, mahakama inaweza kumpa kazi za huduma kwa jamii badala ya jela, akikubali mwenyewe. Inaweza pia kumwachia kwa masharti ya kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Mwombeni hakimu ofisa wa huduma za uangalizi aje nyumbani kuchunguza, na akija mwambieni kweli. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni jambo jingine: sheria imeweka miaka 30, na hakuna barua itakayoishusha.

Faini ndiyo inayoniuma zaidi. Mwenye duka huilipa kabla ya adhuhuri. Mchuuzi wa samaki anaitumikia gerezani kiasi kile kile. Kwa hiyo aseme waziwazi anapata shilingi ngapi kwa siku, na aombe muda wa kulipa. Akishaingia ndani, msikate tamaa kuchangishana: kifungo cha kushindwa kulipa faini hukoma faini ikilipwa.

Tafadhali, msimshauri akiri "ili yaishe". Kukiri kwa kweli humsaidia kupunguziwa adhabu, lakini aliyekiri kwa kawaida hubaki na rufaa ya adhabu tu, si ya hatia. Asomewe maelezo ya kosa, na asipoyaelewa aseme hapo hapo. Kesi huendeshwa kwa Kiswahili, hakuna aibu ya kuuliza.

Adhabu ikizidi mno, hesabuni siku. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, kusudio la rufaa, yaani taarifa kwamba atakata rufaa, ni ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Kutoka mahakama ya mwanzo ni siku 30. Aliye gerezani hupitishia karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Fahamuni pia kuwa Mahakama Kuu inaweza kuongeza adhabu, si kupunguza tu. Kwa hiyo kabla ya kukata rufaa, leteni nakala ya hukumu kwa msaidizi wa kisheria aisome. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huduma hiyo ni bure. Anayekudai pesa, mwache.