Kabla Ua Halijaingia Sufuriani

Hapa Tanga maua tumeyazoea kichwani na kitandani kuliko kwenye sahani. Asumini ni ya kikuba, kile kishada cha maua wanachojipamba nacho wanawake, kilua ni cha kunukia. Ukisema unapika maua watu watacheka, na karafuu waliyotia kwenye pilau jana, iliyoshuka kutoka Muheza, ni ua lililochumwa kabla halijafunguka.

Kwanza ujue ua limetoka wapi. Waridi la kununua kwa wauza maua wa harusi limepuliziwa dawa ili lipendeze, si ili liliwe, na kuliosha hakusaidii sana kwa sababu dawa nyingine huingia hadi ndani ya mmea. Ua la kikuba nalo liishie kwenye kikuba, maana mara nyingi limeshadondoshewa marashi. Maji ya waridi ya kutia kwenye shira ya kaimati yawe yameandikwa ni ya chakula. Yale ya kwenye mrashi ni ya kunyunyizia wageni.

Jina pia usilibahatishe. Oleanda tunayoipanda uani kwa uzuri wake ina sumu ya moyo kuanzia jani hadi ua. Mnanaha, ule wa maua meupe kama tarumbeta, umeachana na mnanaa kwa herufi moja tu, lakini mmoja tunautia kwenye chai na mwingine unavuruga akili na unaweza kuua.

Kwa anayeanza, namshauri ua la boga. Ingia shambani asubuhi na mapema, kwani jua likipanda linajikunja. Tazama shingoni: jike limekalia kiboga kidogo kama gololi, dume lina kikonyo chembamba kitupu. Chuma madume, na uyabakize machache, la sivyo nyuki hawatakuwa na cha kupeleka kwa majike na maboga utayasikia kwa jirani. Lipasue, utoe kile kijiti chenye unga wa njano, hasa kama nyumbani kuna mwenye pumu au mzio. Fukuza na sisimizi. Msusa, yaani majani ya boga, ukishaiva kwenye tui, ndipo maua yaingie, dakika mbili tatu tu.

Choya, wengine huiita rozela, ndiyo iliyonitia aibu. Tunaita ua, ila tunachochemsha ni kile kikombe chekundu kinachovimba petali zikishadondoka. Futari moja niliichemshia kwenye sufuria ya alumini, hizi hizi za kila siku, nikaiacha humo hadi magharibi. Ikatoka na ladha ya bati, wageni wakaonja na kuweka glasi chini kwa adabu. Choya ina asidi, na asidi na alumini havikai pamoja. Siku hizi nailoweka usiku kucha kwenye chombo cha glasi, kipimo cha kikombe kimoja cha choya kavu kwa lita moja na nusu ya maji, na tangawizi na iliki. Sukari baada ya kuchuja. Wakati wa kuosha chombo usishtuke: sabuni ikigusa wekundu ule, povu linageuka bluu, mara kijani.

Kabla hujamimina, uliza nani anatumia dawa za presha, maana choya nayo huishusha. Mjamzito naye asiinywe kwa wingi. Hao watengee jagi la juisi ya embe.