Jinsi ya kuhakiki shambulio moja la ndege katika Vita vya Vietnam

Tani milioni saba za mabomu. Ndege kubwa za mabomu B-52 thelathini na nne zilizotunguliwa. Malori elfu ishirini yaliyoteketezwa au kuharibiwa. Takwimu za vita vya anga vya Vietnam, Laos na Kambodia hunakiliwa kila siku, na wengi wanaozinakili hawajui nani alihesabu, alihesabu nini, wala alikuwa akimpelekea nani hesabu hiyo. Usianze na jumla hizo. Chukua shambulio moja, la siku moja na mahali pamoja, ulifuatilie hadi pande zote mbili zikubaliane au ujue hasa zinapoachana.

Kwanza, tambua kampeni na mwenye amri

Kampeni ya Marekani iitwayo Rolling Thunder ililenga Vietnam Kaskazini kuanzia 2 Machi 1965 hadi 1 Novemba 1968. Linebacker ilifuata Mei hadi Oktoba 1972, na Linebacker II ikaanza 18 Desemba na kwisha 29 Desemba mwaka huohuo. Laos ilikuwa na kampeni zake: Barrel Roll kaskazini, Steel Tiger kusini, kisha Commando Hunt kwenye Njia ya Ho Chi Minh, iliyopitisha askari na vifaa vya Vietnam Kaskazini kwenda kusini, tangu Novemba 1968. Arc Light ni jina la mashambulio ya B-52 yaliyoanza Juni 1965, mengi yakiwa ndani ya Vietnam Kusini.

Ukikuta shambulio juu ya Vietnam Kaskazini mwaka 1970 au 1971, usilikatae kwa sababu Rolling Thunder ilikuwa imekwisha. Mashambulio yaliendelea kufanyika kwa jina la kujihami. Jenerali John Lavelle aliondolewa kwenye amri mwaka 1972 kwa sababu ya mashambulio ya aina hiyo na ripoti zake.

Mwenye amri ndiye anayekuonyesha pa kutafuta. Vietnam Kaskazini iligawanywa katika kanda sita zilizoitwa Route Package, na ya sita ikakatwa vipande viwili. Jeshi la anga lilipewa kanda ya 5 na 6A, yenye Hanoi. Jeshi la majini lilipewa ya 2, 3, 4 na 6B, yenye Haiphong. Kanda ya 1 ilikuwa chini ya makao makuu ya Marekani yaliyokuwa Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini. Kwa hiyo ndege iliyopotea karibu na Haiphong itafute kwanza kwenye rekodi za manowari za kubeba ndege. B-52 nazo ziliongozwa na Strategic Air Command, kamandi ya Marekani ya ndege za mabomu za masafa marefu, si Saigon, na nyaraka zake zilipita njia nyingine.

Pili, nyoosha saa

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Ripoti za Marekani huweka herufi baada ya saa: Z ni saa ya Greenwich, G ni saa ya Thailandi (Z jumlisha 7), H ni saa ya Saigon (Z jumlisha 8). Kuanzia 1 Januari 1968 saa rasmi ya Hanoi ilikuwa Z jumlisha 7, saa moja nyuma ya Saigon. Badiliko hilo ndilo lililofanya Tet, yaani mwaka mpya wa Kivietnam, ya 1968 iangukie tarehe tofauti kaskazini na kusini.

Badilisha kila saa kuwa Z kabla ya kulinganisha chochote, na ufanye hesabu kwa mfumo wa saa 24. Ukitafsiri kwenda saa za Kiswahili mapema utajichanganya. Usiku wa kwanza wa Linebacker II, mabomu ya B-52 yalianza kuanguka karibu na Hanoi mnamo 19:45, yaani 1245Z. Washington ilikuwa 07:45. Kwetu sisi zote mbili ni saa moja na dakika 45, moja ya usiku na nyingine ya asubuhi, na Saigon ilikwisha fika saa mbili na dakika 45. Tarehe nazo huhama: Linebacker ilianza asubuhi ya 10 Mei kule Vietnam, wakati Washington ilikuwa bado 9 Mei.

Tatu, mahali

Ripoti nyingi hutoa herufi mbili na tarakimu, kwa mfano XD kwa eneo la Khe Sanh. Herufi hizo ni mraba wa kilomita 100, na hujirudia kwingine duniani, kwa hiyo andika pia namba ya ukanda (48 au 49, mpaka wake ni longitudo 108 Mashariki). Tarakimu sita zinakupa usahihi wa mita 100, nne zinakupa kilomita moja tu.

Ramani za wakati ule, pamoja na zile za 1:50,000 za mfululizo wa L7014, zilitumia msingi wa vipimo uitwao Indian. Simu na ramani za mtandaoni hutumia WGS84. Ukibandika kuratibu (namba za mahali) za zamani moja kwa moja, nukta itakosea kwa mamia ya mita, umbali unaotosha kuhamisha bomu kutoka barabarani hadi kijijini. Tumia programu ya ramani inayobadilisha msingi huo. Hili si jambo la kupitia haraka: kule Laos, wanaosafisha mabomu yasiyolipuka hutumia rekodi hizihizi kuchagua pa kuanzia, na watu bado wanajeruhiwa mashambani na vibomu vya mtawanyiko.

Nne, miruko na tani

Mruko mmoja ni ndege moja kupaa na kutua mara moja. Misheni moja inaweza kuwa na miruko ishirini, na mingi kati yake isiwe ya kudondosha bomu: ipo ya kujaza mafuta angani, ya kuvuruga rada, ya kulinda dhidi ya MiG, ndege za kivita za Vietnam Kaskazini. Soma safu ya aina ya mruko kabla ya kujumlisha. Mwaka 1966 mabomu yalipungua, na ndege nyingine zilitumwa na mzigo mdogo huku jeshi la anga na la majini yakishindania idadi ya miruko. Miruko mingi kwa hiyo si ushahidi wa mabomu mengi.

Tani ya ripoti za Marekani ni pauni 2,000, sawa na kilo 907. B-52D iliyofanyiwa marekebisho iliweza kubeba mabomu 84 ya pauni 500 ndani na 24 ya pauni 750 chini ya mabawa: pauni 60,000, yaani tani 30 za Marekani au tani 27 za kawaida. B-52G haikubeba mabomu chini ya mabawa. Mabomu yake 27 ya pauni 750 hayafiki tani 10.5. Sasa pima: Linebacker II inatajwa kuwa na miruko 729 ya B-52 na tani zipatazo 15,000. Ukizidisha 729 kwa 30 unapata 21,870. Tofauti hiyo inatokana na aina ya ndege na mzigo wa siku ile. Anayekuandikia tani bila kutaja herufi baada ya B-52 hajakupa kitu cha kuhakiki.

Tano, ndege zilizoanguka

Namba ya mkiani ndiyo ufunguo. Ya jeshi la anga huanza na mwaka wa bajeti iliyonunua ndege: 63-7680 mara nyingi huchorwa 37680. Ya jeshi la majini ni ya tarakimu sita. Kwa ndege za kivita F-4, C, D na E ni za jeshi la anga. F-4B na J ni za jeshi la majini na kikosi cha Marine. Jina la mwito la redioni usilitegemee peke yake, kwa sababu lilirudiwa kwa misheni nyingine.

Tenganisha madai na hasara. Vietnam inasema ilitungua B-52 34 Desemba 1972. Marekani inakiri 15, mojawapo ikiwa ile iliyoanguka ikijaribu kutua U-Tapao, kambi ya ndege huko Thailandi. Pima kwa watu: B-52 ilikuwa na wahudumu sita, kwa hiyo ndege 19 za ziada zingekuwa na watu wasiopungua 114, na majina yao yangepaswa kuonekana kati ya waliokufa, waliotekwa au waliookolewa. Hayapo. Lakini upande wa pili nao upimwe vivyo hivyo. Tarehe 2 Januari 1967 marubani wa Marekani walidai MiG-21 saba. Rekodi za Vietnam zinaonyesha tano. Tarehe 3 Aprili 1965, siku ambayo jeshi la anga la Vietnam huiadhimisha, marubani wa Vietnam walidai ndege za kivita F-8 mbili. Ndege moja iliharibiwa, nayo ikatua Da Nang, Vietnam Kusini.

Sita, kilichotokea ardhini

"Imelengwa", "imepigwa" na "imeharibiwa" ni maneno matatu tofauti. Daraja la Thanh Hoa lilishambuliwa 3 Aprili 1965 kwa ndege 79, makombora 32 na mabomu 120 ya pauni 750. Likapigwa, likabaki limesimama. Liliangushwa 13 Mei 1972 kwa mabomu yanayoongozwa kwa leza. Hesabu za malori ya Commando Hunt ni dhaifu zaidi, kwa kuwa moto ulioonekana usiku kutoka angani ulihesabiwa kuwa lori, na CIA yenyewe ilizikata sana.

Kwa raia, rekodi za ndege hazitakusaidia. Nenda kwenye za mji. Hanoi ilihesabu watu 1,318 waliouawa Desemba 1972. Andika hospitali ya Bach Mai kwa tarehe 22 na mtaa wa Kham Thien kwa tarehe 26, kisha utafute miruko ya usiku huo.

Mwisho, kuna rekodi zilizoghushiwa kwa makusudi. Kati ya Machi 1969 na Mei 1970, B-52 zilipiga Kambodia kwa siri kwa miruko 3,630. Waongozaji wa rada walizipa kuratibu mpya zikiwa angani, karatasi zikachomwa, na ripoti za kawaida zikaonyesha shabaha ndani ya Vietnam Kusini. Siri ilifichuka mbele ya Seneti mwaka 1973. Kwa hiyo ukiona shambulio la B-52 la kipindi hicho lililoandikwa karibu na mpaka wa Kambodia, liweke alama ya kuuliza, ulinganishe na orodha ya Kambodia iliyotolewa baadaye, na usilijumlishe upande wowote hadi uwe na nyaraka mbili zisizotokana na ripoti moja.