Kumkinga Mzee Asianguke: Namna ya Kupiga Hesabu ya Gharama na Faida

Familia nyingi za Dar es Salaam huanza kuzungumzia kuanguka kwa mzee siku ambayo mzee ameshaanguka, bajaji iko mlangoni na watoto wanaulizana nani ana fedha mkononi. Mazungumzo hayo yanaweza kufanyika mapema, kwa daftari na kalamu, kabla fedha hazijatakiwa kwa haraka. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 65 au zaidi, 28 hadi 35 huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Wengi wao huinuka wakiwa na michubuko tu. Wachache huvunjika mfupa wa paja karibu na nyonga, na hao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya gharama.

Anzeni kwa kuandika gharama ya kuanguka vibaya mara moja. Makosa ya kawaida hapa ni kuhesabu risiti za hospitali peke yake. Kwa wazee wasiojiweza upo utaratibu wa kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma, kwa hiyo ulizeni mapema, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na kwenye dirisha la wazee la hospitali mnayoitumia, ni nyaraka zipi zinatakiwa na ni huduma zipi zinahusika. Kama mzee ana bima, ulizeni kama upasuaji wa mifupa na vyuma vinavyowekwa vinalipiwa. Kisha ongezeni yale ambayo hayana risiti: nauli ya kwenda kliniki Muhimbili na kurudi Mbagala au Chanika kwa gari la kukodi, kwa kuwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga hapandi daladala, posho ya msichana wa kumsaidia kuoga, na, kubwa kuliko vyote, kipato cha yule anayebaki nyumbani kumuuguza. Tuseme binti anayeuza vitenge Kariakoo hupata faida ya shilingi 15,000 kwa siku, naye akafunga biashara kwa wiki 8, siku 6 kila wiki. Shilingi 720,000 zimepotea, na hakuna hata karatasi moja inayozionyesha. Ndiyo maana ndugu wanaotuma fedha kutoka mbali huamini kwamba wao peke yao ndio waliogharamika.

Hatua ya pili ni kupima hatari ya mzee mwenyewe, kwa sababu fedha ileile humfaa zaidi mzee mmoja kuliko mwingine. Ulizeni mambo matatu: je, ameanguka katika miezi 12 iliyopita, anajihisi hana uthabiti anaposimama au kutembea, na anaogopa kuanguka? Jibu moja la ndiyo linatosha kumpeleka kwa daktari. Kuna pia kipimo rahisi cha nyumbani: mzee ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi na kukaa, huku mtu akiwa karibu naye. Akitumia sekunde 12 au zaidi, mhesabuni kuwa miongoni mwa walio hatarini.

Sasa pangeni matumizi, mkianza na yale yasiyo na gharama. Pelekeni dawa zote za mzee kwa daktari zikiwa ndani ya mfuko mmoja, pamoja na zile zilizonunuliwa duka la dawa bila cheti. Dawa za usingizi, baadhi ya dawa za presha na dawa za kisukari zinazoshusha sukari kupita kiasi zinaweza kumfanya mtu ayumbe, lakini asiache dawa yoyote kwa uamuzi wa familia. Mwombeni mhudumu ampime presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama: ikiwa namba ya juu imeshuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3, sababu ya kuanguka huenda mmeipata bila kununua kitu. Mpimeni macho pia, kwani upasuaji wa mtoto wa jicho kwenye jicho la kwanza umeonekana kupunguza kuanguka.

Nyumbani, msikimbilie kumwita fundi. Mtazameni kwanza mzee anavyotoka chumbani usiku kwenda chooni, bila kumwelekeza. Katika nyumba nyingi ukuta wenyewe umeshaandika jibu: kwenye kona ya korido na kando ya mlango wa choo rangi imechakaa na kuwa na weusi wa kiganja, kwa sababu mkono hutua pale pale kila mara. Hapo ndipo pa kufunga bomba la kushikia, lililochomelewa na fundi wa mtaani na kukazwa kwa boliti kwenye tofali, si kwenye plasta tupu. Reli ya taulo haibebi uzito wa mtu. Baada ya hapo ondoeni ndoo za maji kwenye njia, kunjeni zulia linaloteleza, badilisheni ndala zilizolika soli, na wekeni taa ya chaji mahali ambapo mkono wa mzee unaifikia akiwa bado kitandani, maana umeme hukatika bila taarifa. Marumaru za kung'aa hupendeza sebuleni; bafuni, na mahali pa kutilia udhu, ni hatari tupu, na fundi anayezisifu hataishi humo.

Je, matengenezo hayo yanalipa? Tuseme yamegharimu shilingi 180,000 na yatadumu miaka 5, yaani shilingi 36,000 kwa mwaka, na kuanguka vibaya mara moja kungeigharimu familia shilingi 2,400,000. Kama hatari ya mzee kuanguka hivyo ni 1 kati ya 20 kwa mwaka, gharama inayotarajiwa ni shilingi 120,000 kila mwaka. Matengenezo yakipunguza hatari kwa robo, mnaokoa shilingi 30,000, kiasi kisichofikia mlichotumia. Lakini kama mzee ameshawahi kuanguka na hatari yake ni 1 kati ya 10, mnaokoa shilingi 60,000 kwa matumizi yaleyale. Viwango hivi ni vya mfano, wekeni vyenu, ila mwelekeo wake unakubaliana na uchambuzi wa mwaka 2023 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya: kuondoa vihatarishi nyumbani kulipunguza kuanguka kwa asilimia 26 kwa jumla, na kwa asilimia 38 kwa watu waliokuwa katika hatari kubwa. Kwa mzee mwenye nguvu ambaye hajawahi kuanguka, basi, fedha za bomba na taa zinaweza kusubiri.

Mazoezi hayasubiri. Mazoezi ya uthabiti na nguvu za miguu hupunguza kuanguka kwa karibu robo, na gharama yake ni muda: kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, kusimama kwa visigino akiwa ameshika meza, kupiga hatua za pembeni, mara 3 kwa wiki, mtu akiwa karibu. Ningependa familia itumie hapo kabla ya kununua vidonge vya vitamini D, ambavyo kwa mzee asiye na upungufu havijaonekana kusaidia. Kinga iliyo ghali kuliko zote ni ile inayoonekana kama upendo: "Bibi kaa tu, tutakuletea." Mzee asiyeruhusiwa kwenda hata gengeni hudhoofika mapaja ndani ya muda mfupi, na safari inayofuata ya chooni huwa ya hatari zaidi, tena yeye mwenyewe hajaulizwa. Aulizwe, kwa kuwa bomba ambalo hakulitaka hatalishika.

Mkigawana michango, mhesabieni anayeishi na mzee siku zake za kazi kama mchango kamili. Kila mzee anapoanguka, hata asipoumia, andikeni saa, mahali, viatu alivyovaa na dawa alizokuwa amekunywa, kisha rudieni hesabu; irudieni pia anapobadilishiwa dawa, anaporuhusiwa kutoka hospitali, na mwezi Februari kabla mvua za masika hazijaanza kulowesha ngazi za nje.