Vifaranga vya Kambale: Maji ya Wiki Tatu za Mwanzo

Wafugaji wengi huanza na kambale kwa sababu ya sifa yake ya ustahimilivu, kwani samaki huyu akishakua huweza kuishi hata katika bwawa lililobaki tope, akipanda juu mara kwa mara kuvuta hewa. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ni ya kambale mkubwa. Kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa hakijaumbika anapoanguliwa. Huanza kufanya kazi baada ya wiki mbili hadi tatu hivi, na kabla ya hapo kifaranga hutegemea oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji tu. Hasara nyingi ninazozikuta kwa wazalishaji wadogo zinatokana na kulisahau jambo hili.

Taabu huanzia kwenye yai. Maji yakiwa na nyuzi joto 30, mayai huanguliwa kwa takriban saa 20. Yakiwa na nyuzi 20, huchukua zaidi ya saa 50, na kadiri yanavyokawia ndivyo ukungu unavyopata nafasi ya kuyavamia. Mfugaji wa Njombe au Mbeya anayetaka kutotolesha mwezi wa Juni au Julai hana budi kuwa na banda lililozibwa vizuri na njia ya kupasha maji joto, la sivyo ni heri asubiri baridi ipite. Yai zima hung'aa na lina rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, ilhali lililokufa hugeuka jeupe kama maziwa. Yaondoe meupe mapema kwa kuyafyonza kwa mpira mwembamba, kwa sababu ukungu huanzia hapo na kuyafuata yaliyo hai.

Kwa siku tatu hivi baada ya kuanguliwa, kifaranga huishi kwa akiba ya kiini alichozaliwa nacho, na hapaswi kulishwa. Chakula kinachotupwa majini wakati huo huoza, hula oksijeni na kuzalisha amonia. Hata baada ya hapo, lisha kidogo kidogo na usafishe mabaki kila siku. Ukali wa amonia hutegemea sana pH, yaani kipimo cha asidi au alkali ya maji: katika maji ya nyuzi 28, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote, lakini pH ikipanda hadi 9 hukaribia asilimia 40. Maji yaliyojaa ukijani hupandisha pH alasiri, na ndiyo maana bwawa lililoonekana salama asubuhi linaweza kuua vifaranga jioni.

Maji hayohayo ya kijani yana hatari nyingine usiku, kwa kuwa mimea midogo iliyomo huacha kutengeneza oksijeni jua likizama, huku ikiendelea kuitumia. Kwa hiyo pima, au angalau kagua, saa 11 alfajiri, oksijeni inapokuwa chini kabisa. Ukija saa 4 asubuhi utakuta vifo bila kukiona chanzo chake. Lenga miligramu 5 au zaidi kwa lita, na pampu ya hewa isizimwe usiku kwa nia ya kuokoa umeme.

Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kwa siku moja au mbili, ukiyapulizia hewa, kabla ya kuyatumia.

Vifaranga wazima wa siku za mwanzo hujikusanya kwenye kona yenye giza, wamebanana kama pini zilizomwagwa mahali pamoja, hivyo funika sehemu ya beseni wapate kivuli. Ukiwakuta wametawanyika juu ya maji au wamejazana penye bomba la kuingizia maji, usingoje wafe: badilisha theluthi moja ya maji kwa mengine yenye joto lilelile, ukiyamimina taratibu, na usimamishe kulisha siku hiyo.