Kudarizi Kitambaa cha Meza kwa Mkono: Kazi Hupimwa kwa Nyuma

Hapa Moshi, fundi wa mkono akikabidhiwa kitambaa cha meza kilichodariziwa hasifii maua kwanza, bali hukipindua. Nyuma pasipo na mafundo wala nyuzi zilizoruka kutoka ua hadi ua, kitambaa kitafuliwa miaka mingi bila kufumuka.

Kinachofaa zaidi ni kitani, kitambaa cha nyuzi za shina la mmea, ambacho Wamisri wa kale walikifuma na ambacho ndicho kilichodariziwa picha za Bayeux, Ufaransa, katika karne ya 11, kwa urefu wa takriban mita 70. Shuka kuukuu la kitani huweza kupatikana kwenye mitumba ya Kiboriloni ukiwa na subira ya kupekua. Chomoa uzi mmoja uuchome: kitani huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ilhali poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Ukikikosa, chukua marekani, pamba iliyopewa jina la nchi ya wafanyabiashara walioileta Zanzibar katika karne ya 19.

Kifue kwa maji ya moto kabla ya kukata, ili kama ni kurudi kirudi mapema. Katika kukata, rula huweza kukudanganya. Chomoa uzi mmoja upande hadi upande, kisha pitisha mkasi katika mfereji uliobaki.

Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi ndogo 6. Zitoe 2, mmoja baada ya mwingine, uziweke pamoja upya, kwa kuwa zikivutwa kwa pamoja hujisokota. Usifunge fundo hata kidogo: acha mkia wa sentimita 5 nyuma, na ukimaliza ua upenyeze chini ya mishono minne au mitano. Jambo hili linachosha, nakiri, lakini fundo likipigwa pasi hutokeza mbele kama kipele. Petali zijaze kwa mishono iliyolala sambamba, isiyozidi milimita 8, kwani mirefu hunaswa na pete ya mgeni.

Uzi mwekundu uloweke kwanza, kisha ubane ndani ya kitambaa cheupe uone kama unachuja rangi. Mimi sikufanya hivyo, na zawadi ya sendofu ya binamu yangu ikageuka rangi ya waridi katika beseni.

Mwisho, kilaze kifudifudi juu ya taulo nene kikiwa bado na unyevu, ukipige pasi kwa nyuma, nayo maua yatabaki yametuna.