Kabla hujasema RNA yako ni ya duara

Mwanafunzi akiniletea RNA ya duara (RNA ambayo ncha zake mbili zimeungana) "inayochochea saratani", namwuliza kwanza: una hakika ni duara? Orodha ya maduara yaliyokisiwa na kompyuta peke yake haitoshi.

Chukua circHIPK3, nzuri kwa kujifunzia: ni eksoni (kipande cha jeni kinachobaki kwenye RNA iliyokamilika) ya 2 tu ya jeni la HIPK3, nukleotidi 1,099, mwisho wake umerudi kuungana na mwanzo wake. Praima za kawaida, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili katika PCR, hutazamana; hizi zipange zipeane mgongo ndani ya eksoni hiyo. Kwenye RNA iliyonyooka hazizai kitu, kwenye duara zinavuka kiungo, pale ncha zilipoungana. Zijaribu pia kwenye DNA ya seli hizohizo. Mstari ukitokea kwenye jeli, simama hapo. Huenda kipande cha jeni kimejirudia.

Kutengeneza cDNA (nakala ya DNA ya hiyo RNA), tumia praima za nasibu. Zile zinazoshika mkia wa poli-A (mfululizo wa herufi A mwishoni mwa mRNA) zitaliacha duara, maana halina mkia.

Kisha gawa RNA mafungu mawili: moja litie RNase R, jingine bafa tupu, yote nyuzi 37. Kimeng'enya hiki hula RNA kuanzia ncha ya 3′, na duara halina ncha. GAPDH, RNA iliyonyooka ya kulinganishia, isiposhuka sana, kimeng'enya hakijafanya kazi, rudia. Usikiache muda mrefu mno, maduara makubwa nayo hukatika. Mwisho kata mstari kwenye jeli, usomwe mfuatano wake wa herufi kwa mbinu ya Sanger, ukague kiungo herufi kwa herufi.

Sasa saratani, na hapa naomba uvumilivu. CDR1as, RNA nyingine ya duara, ilipata umaarufu mwaka 2013: ina sehemu zaidi ya 70 za kushika miR-7, RNA ndogo ambayo huzuia EGFR, jeni linalochochea ukuaji wa seli. Wengi wakahitimisha kwamba katika saratani ya utumbo mpana CDR1as inakuza uvimbe kwa kuinyonya miR-7. Mwaka 2020 watafiti walipoitafuta CDR1as kwenye vipande vya uvimbe chini ya hadubini, seli za saratani hazikuwa nayo. Ilikuwa kwenye seli za tishu zinazozizunguka. Ukisaga uvimbe mzima huwezi kuliona hilo. Kwa hiyo tazama tishu kwanza, kwa kinasio (kipande chenye alama kinachoshika RNA unayoitafuta) kinacholala juu ya kiungo.

Ukitaka kuizima circHIPK3, siRNA (kipande kifupi cha RNA kinachoharibu RNA lengwa) nayo ilenge kiungo tu. Halafu pima mRNA ya kawaida ya HIPK3. Ikishuka nayo, tupa siRNA hiyo, isogeze herufi chache, ujaribu upya.