Motahomu inapoteza upepo wa breki? Usinunue kifaa kabla hujajua unapotea wakati gani

Ndugu zangu mlioko Marekani na Kanada, familia zetu nyingi siku hizi zinanunua motahomu za dizeli zilizotumika, yaani magari ya kulala ndani kama nyumba, zile ndefu injini iko nyuma, na kilio ni kilekile, upepo haujai au haukai, mtu anapeleka gereji anabadilishiwa kompresa kwa hela nyingi halafu baada ya muda mshale wa upepo kwenye dashibodi unashuka tena kama mwanzo. Nawaomba sana kabla hujatoa hela yoyote ujue kwanza upepo unapotea wakati gani, maana hilo ndo linakuonyesha kifaa kibovu ni kipi.

Wale mnaoendesha malori hii kitu mnaijua, kompresa inasukuma upepo, unapita kwenye draya kuondolewa maji, unaingia kwenye matenki, na gavana ndo anaiambia kompresa pumzika au anza tena. Ila kwenye motahomu upepo huohuo unabeba eabegi za saspensheni (mifuko ya upepo inayobeba gari), honi, mara nyingine na kiti cha dereva, kwa hiyo sehemu za kuvuja ni nyingi kuliko unavyodhani.

Niwatoe hofu kidogo, gari ikilala siku kadhaa ukakuta mishale imeshuka sana usikimbilie kwa fundi, motahomu nyingi ndivyo zilivyo. La kutisha ni upepo unaoshuka ndani ya dakika, au unaoshuka huku unaendesha.

Pima hivi. Egesha sehemu tambarare, weka kabari kwenye tairi mbele na nyuma, kabari nzito za kweli maana hendibreki utaiachia, washa gari mpaka upepo ujae. Gavana akiwa mzima anakata kwenye 120 mpaka 135 psi hivi (psi ni kipimo cha nguvu ya upepo) na utasikia draya inatema pshhh. Hapo zima injini, achia hendibreki, yaani sukuma ile nobu ya njano ndani, mguu usiwe kwenye pedeli, subiri mishale itulie halafu hesabu dakika moja. Isishuke zaidi ya psi 2. Baada ya hapo kanyaga breki ushikilie, mshale utadondoka mara moja, hiyo ni sawa, ukitulia hesabu tena dakika nzima, isizidi psi 3. Ndo vipimo vilevile anavyopimwa dereva wa lori kwenye mtihani wa leseni.

Sasa soma majibu. Ikivuja pale tu unapokanyaga, shuku diaframu (mipira ya ndani) za chemba za breki, vile vikopo vinavyosukuma breki kwenye tairi, au valvu ya mguuni yenyewe. Ikivuja pale tu nobu ya njano iko ndani, shuku upande wa springi wa chemba za nyuma, ile springi inayoshika hendibreki upepo usipokuwepo, na paipu zake. Ikivuja muda wote bila kujali umefanya nini, angalia paipu na fitingi za matenki, na eabegi na zile valvu zake za kupima kimo cha gari, hizi zinasahaulika sana. Na kama dashibodi ina mishale miwili halafu mmoja unashuka mwenzake umesimama, shukuru Mungu, maana umeshajua laini ipi ina shida, kwa kawaida mmoja ni wa breki za nyuma na mwingine wa mbele.

Kutafuta tundu chukua chupa ya kupuliza, maji na sabuni ya vyombo, puliza kila kiungo uone povu linapochemka. LAKINI usiingie chini ya motahomu iliyobebwa na upepo peke yake, nasema hili kwa herufi kubwa maana watu wamefia humo. Eabegi ikiachia gari linashuka ghafla na hupati hata nafasi ya kutoa mkono, na zile jeki za kusawazishia gari kambini si za kuwekea mtu chini yake, weka stendi imara kwenye chasisi. Na chemba ya nyuma yenye springi usiifungue kabisa, ile springi imebanwa kwa nguvu ya kuua mtu, achia fundi wa malori.

Draya nayo ina lugha yake. Ikivujisha pale chini wakati kompresa inajaza, mara nyingi valvu ya kutemea imeshika uchafu au barafu. Ikiendelea kuvuja muda mrefu baada ya kutema, na kompresa inaanza kazi tena kila baada ya muda mfupi, basi upepo unarudi nyuma kutoka kwenye matenki, valvu ya kuzuia kurudi imechoka, au gavana ana shida. Gavana ni kakifaa kadogo ka bei nafuu, bolti mbili tu, kwa hiyo kakaguliwe kabla mtu hajakutajia kompresa mpya.

Kama upepo unajaa polepole, chukua saa. Kutoka 85 mpaka 100 psi inatakiwa sekunde 45 au pungufu injini ikiwa kwenye mzunguko wa kazi, si ikinguruma tu bila kukanyagwa. Ikichukua dakika kadhaa na hujaona uvujaji, angalia filta ya hewa ya kompresa, na paipu inayotoka kwenye kompresa huwa inaziba kwa masizi kwa ndani. Fungua maji ya matenki juu ya kitambaa cheupe, yakitoka maji mengi draya imechoka, yakitoka machafu ya krimu yenye mafuta basi kompresa inapitisha oili, hapo sasa ndo uanze kuizungumzia kompresa.

Mlioko Minnesota, Ontario, Alberta na kwingine kwenye baridi kali, haya maji ndo adui wenu. Yakiganda kwenye paipu au valvu unaweza kuwasha gari mshale usipande, au breki zigome kuachia. Toa maji kabla ya baridi kuingia, badilisha katriji ya draya kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, usimwage spiriti humo kienyeji maana inaharibu mpira wa baadhi ya draya, na usiyeyushe barafu kwa moto.

Ukiwa barabarani alamu ikalia, ambayo inatakiwa ilie kabla upepo haujashuka chini ya 55 au 60 psi, toka barabarani hapohapo ungali na upepo wa kusimamia na usipigepige breki, kila mkanyago unakula akiba. Ukifika kati ya 45 na 20 nobu ya njano inaruka yenyewe na springi zinakamata, na hutaki hilo likukute katikati ya haiwei na watoto nyuma.

Gereji ya malori mara nyingi inajua breki za upepo kuliko duka la motahomu, peleka huko, na uende na karatasi yenye namba zako: ilikata kwenye ngapi, ilishuka psi ngapi kwa dakika, mguu ukiwa wapi, nobu ikiwa wapi. Na leseni uikague kabla ya safari, Ontario wanataka kibali cha Z kwa gari lolote lenye breki za upepo, Texas motahomu ikizidi paundi 26,000 unatakiwa leseni ya daraja B hata kama si ya biashara, majimbo mengine yana yake.